Kurekebisha tumbo la boti ya faiba kwa epoksi yenye nanotyubu za kaboni

Boti za faiba zinazovusha abiria kati ya Mokowe na Amu (mji wa Lamu), na zile zinazopita mlango wa bahari wa Mkanda kwenda Pate, Faza na Kizingitini, haziozi. Zinachoka kwa kupigwa. Kusi likishika na nahodha akiwa na haraka, chini ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, panapokea kishindo cha kila wimbi safari nzima. Baada ya misimu michache huoni tundu, wala maji hayaingii. Unachoona ni rangi yenye nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na ukigonga kwa mpini wa bisibisi, pale palipokuwa pakilia kwa sauti kali panajibu kwa sauti bubu. Matabaka ya faiba yameachana ndani kwa ndani.

Mwongozo huu ni wa kurekebisha sehemu kama hiyo kwa epoksi, yaani rezini inayoshikanisha na kugandisha faiba, iliyotiwa nanotyubu za kaboni. Nauandika kwa fundi ambaye tayari anajua kulaza faiba na kuchanganya hadena, ile dawa inayoigandisha rezini. Ambaye bado, aanze na kazi za kawaida, maana vifaa hivi ni ghali na vumbi lake si la mchezo.

Zinasaidia wapi

Nanotyubu ya kaboni ni utando wa atomu za kaboni uliojikunja ukawa bomba. Aliyezifanya zijulikane dunia nzima ni Mjapani Sumio Iijima, mwaka 1991, ingawa wanasayansi wa Kisovieti walikuwa wameshachapisha picha za vibomba vya namna hiyo mwaka 1952. Zile zenye kuta nyingi huwa na kipenyo cha nanomita 10 hivi, na unywele wa mtu una nanomita 80,000 kwa makadirio. Ugumu wake unakaribia gigapaskali 1,000, na chuma kina 200. Mwaka 2000 watafiti walizivuta moja moja chini ya hadubini wakapata nguvu ya kati ya gigapaskali 11 na 63.

Tarakimu hizo ndizo zinazowatia watu wazimu. Muuzaji atakuambia boti yako itakuwa ngumu kuliko chuma. Haitakuwa. Faiba ikivutwa, mzigo unabebwa na nyuzi za kioo, na gramu tatu za nanotyubu ndani ya kilo moja ya rezini haziongezi kitu hapo. Kinachobadilika ni ile rezini iliyo kati ya tabaka na tabaka, ambamo hakuna uzi wowote wa kioo unaopita kutoka chini kwenda juu. Ufa ukitaka kutembea humo unakuta vibomba vimeshika pande zote mbili, na hauwezi kusonga mpaka uving'oe au uvikate. Watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walichapisha matokeo yao mwaka 2005: faiba ya kioo yenye epoksi iliyotiwa asilimia 0.3 tu ya nanotyubu ilizidisha kwa asilimia 20 nguvu ya matabaka kukataa kuteleza. Nguvu ya kuvuta ilibaki palepale.

Basi chagua kazi. Tumbo linalopigwa na mawimbi, ndiyo. Mahali pa boliti za mashine kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, ndiyo. Kuta za juu, viti, tangi la maji: faiba ya kawaida inatosha, na anayekuambia vingine anataka kuuza. Na kama ubao wa tezi ulio ndani ya faiba umeoza, hakuna nanotyubu itakayoufufua. Toa ubao, weka ubao.

Nunua rojo, usinunue unga

Nanotyubu huuzwa kwa sura mbili. Kuna unga mweusi mkavu, mwepesi kiasi kwamba ukifungua kifuniko karibu na feni unapotea. Na kuna rojo zito, ambalo kiwanda kimeshazisaga nanotyubu ndani ya rezini ya epoksi, mara nyingi kwa mashine ya rola tatu ambazo nafasi kati yake hubanwa mpaka maikromita 5. Nunua rojo. Sababu ya kwanza ni mapafu yako, nitaifikia. Sababu ya pili ni kwamba nanotyubu zinapendana: zikikaa pamoja zinashikana mafungu mafungu, na kulifungua fungu moja kunahitaji nguvu ambayo kijiti cha kukorogea hakina. Fungu lisilofunguka haliimarishi chochote. Ni uchafu ndani ya rezini, na ufa huanzia hapo hapo.

Unapoagiza, muulize muuzaji mambo manne. Asilimia ya nanotyubu ndani ya rojo ni ngapi? Rezini iliyotumika ni epoksi ya aina gani, na inakubaliana na hadena yako? Nanotyubu ni za kuta nyingi au ukuta mmoja? Na je, zimetiwa vikundi vya kemikali vya kushikana na epoksi, kama vile amini? Kwa boti, za kuta nyingi zinatosha na ni rahisi zaidi. Zenye vikundi vya amini ni bora, kwa sababu bomba tupu huchomoka ndani ya rezini bila kufanya kazi yake. Muuzaji asiyeweza kujibu hata swali la kwanza, mwache.

Mengine ni ya kawaida: epoksi na hadena yake, kitambaa cha faiba kilichoshonwa cha gramu 600 kwa mita ya mraba, kitambaa cha nailoni cha kubandua, rola ya chuma, drili yenye kisahani cha meno cha kukorogea rangi, mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja, kipimajoto, asetoni ya kusafishia vyombo, na vipande viwili vya kioo cha dirisha. Usitumie ile mati ya nyuzi fupi iliyozoeleka kwenye poliesta. Gundi inayoshikilia nyuzi zake huyeyushwa na staireni iliyomo ndani ya poliesta, na epoksi haina staireni. Utasukuma rola mpaka mkono uume na mati itabaki imekakamaa.

Kuhusu vumbi

Mwaka 2008 watafiti waliwapima panya waliotiwa nanotyubu ndefu zilizonyooka, wakaona uvimbe wa aina ileile inayoletwa na asbesto. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka aina moja ya nanotyubu zenye kuta nyingi katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani inapendekeza mfanyakazi asivute zaidi ya maikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane. Kiasi hicho huwezi kukiona kwa macho.

Zikiwa ndani ya rojo au ndani ya epoksi iliyoganda, haziruki. Hatari inarudi ukianza kupiga msasa. Kwa hiyo kipande cheusi kilichoganda kipige msasa wa maji tu, kamwe usikiwekee grainda kavu. Vaa barakoa ya N95 angalau, au ya mpira yenye chujio za P100, ambayo ni bora zaidi. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu. Tope la msasa lifute kwa matambara, yafunge kwenye mfuko, yasitupwe baharini. Na usifanye kazi hii kwenye kichochoro cha mjini ambamo watoto wanapita kwenda chuoni. Nenda ufukweni, simama upepo ukiwa mgongoni, na hakikisha mbele yako hakuna watu.

Hadena nayo ina madhara yake. Huichokoza ngozi polepole kisha siku moja mikono inafura na kuwasha, na tangu hapo hutaigusa tena epoksi kwa raha. Vaa glavu za naitrili, zibadilishe zikichafuka. Ukidondokewa tumia sabuni na maji, si asetoni, kwani asetoni huipeleka hadena ndani ya ngozi.

Panga kwa bamvua

Boti ipandishwe pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, ili ikae pakavu mpaka bamvua inayofuata, yaani wiki mbili hivi. Huo ndio muda wako wote: kukausha, kuchimba, kulaza, kugandisha, kupaka rangi. Ndiyo maana kuchanganya na kujaribu kufanyike kabla boti haijapanda. Msimu mzuri ni kaskazi, mvua zikiwa mbali. Wengi hupandisha boti wakati wa kusi kwa sababu bahari ni mbaya na kazi imepungua. Inawezekana, lakini chini ya turubai, na usijaribu Mei.

Hesabu ya mchanganyiko

Tuseme rojo lako lina asilimia 5 ya nanotyubu, na mkebe wa epoksi unasema sehemu 100 za rezini kwa 30 za hadena kwa uzito. Lengo ni asilimia 0.3 ya mchanganyiko wote, na unataka kilo moja.

Asilimia 0.3 ya gramu 1,000 ni gramu 3 za nanotyubu. Ili kuzipata unahitaji gramu 60 za rojo, ambazo ndani yake zina gramu 3 za nanotyubu na gramu 57 za rezini. Sehemu iliyobaki ya kilo, gramu 997, ni rezini na hadena: ukigawa kwa 1.3 unapata rezini gramu 767, na hadena gramu 230. Kwa kuwa 57 za rezini zimo tayari kwenye rojo, unaongeza rezini gramu 710. Kwa hiyo: rojo 60, rezini 710, hadena 230. Anayesahau zile 57 atapima hadena kwa gramu 710 peke yake, itatoka 213, na kazi itabaki laini kwa wiki nzima huku akimlaumu muuzaji wa epoksi.

Mbona isiwe asilimia 1 au 2? Kila kijana anayejifunza anauliza hivyo: "Ami, kama kidogo kinasaidia, kwa nini tusimwage mkebe mzima?" Kwa sababu rezini huwa nzito haraka. Kwenye asilimia 0.3 utaihisi tayari kwenye brashi. Kwenye asilimia 1 inakataa kupenya kitambaa kwa mkono, na nanotyubu zinarudi kushikana. Usiilainishe kwa asetoni au thina. Sehemu yake hubaki ndani na kuidhoofisha epoksi kuliko nanotyubu zinavyoweza kuiimarisha.

Kukoroga

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufeli. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: ukiona kipande cha majaribio kimekuwa dhaifu kuliko kile cha rezini tupu, sababu ya kwanza kuitafuta ni ukorogaji.

Chukua chombo cha chuma, weka gramu 60 za rojo na sehemu ndogo ya rezini, kama gramu 60 nyingine. Koroga kwa mkono mpaka viwe kitu kimoja. Ongeza rezini kidogo kidogo hivyo, ukizidisha maradufu kila mara. Ukimwaga rezini yote kwa mkupuo, rojo linavunjika mabonge yanayoelea na drili itayazungusha tu.

Rezini yote ikiingia, weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kipimajoto kisome nyuzi 50 hadi 60 ndani ya rezini. Ikipata joto inalegea na kisahani kinafika kila mahali. Linda isiingie hata tone la maji. Zungusha drili kwa kasi ya mizunguko 2,000 kwa dakika au karibu na hapo, kisahani kikiwa karibu na sakafu ya chombo, kwa nusu saa. Kila baada ya muda simamisha, kwangua pembeni na chini kwa kijiko, endelea. Hadena bado haijaingia, kwa hiyo huna haraka.

Kisha ipime kwa kioo. Tone moja liweke kwenye kipande cha kioo, funika kwa kingine, kandamiza mpaka liwe utando mwembamba sana, inua juu uelekeze kwenye mwanga wa anga. Ikiwa imekaa sawa utaona kivuli cha kijivu kilichotulia. Ikiwa na chembe nyeusi, rudi kwenye drili. Kama chembe bado zipo baada ya kurudia, hiyo itumie kujazia mashimo ya sitaha, usiipeleke tumboni mwa boti. Wapo wanaotumia vile vyombo vidogo vya mawimbi ya sauti vya masonara vya kusafishia pete. Nguvu yake ni ndogo mno kwa rezini nzito. Mashine ya maabara ya aina hiyo ina nguvu, ila nayo ikizidishiwa muda huzikatakata nanotyubu zikawa fupi.

Drili inaingiza hewa nyingi, na rezini nzito haiachii. Kama unamfahamu fundi wa friji, azima pampu yake ya vakyumu na chombo imara chenye mfuniko wa kubana. Jaza theluthi tu, maana povu hupanda. Usipopata pampu, funika chombo, kiache mahali penye joto usiku kucha, na asubuhi koroga polepole kwa mkono kabla ya kutumia.

Sasa unazo gramu 770 za rezini nyeusi. Usitie hadena yote kwa pamoja. Kilo nzima ya epoksi kwenye ndoo, kwa joto la Lamu, itafuka moshi kabla hujamaliza tabaka la pili. Pima gramu 154 za rezini nyeusi na gramu 46 za hadena, changanya kwenye karai bapa. Hapo una gramu 200, na unaweza kufanya hivyo mara tano. Kumbuka pia kwamba joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu: mkebe ukisema dakika 30 kwa nyuzi 25, zikifika nyuzi 35 una dakika 15.

Jaribio la kabari

Usiruke hatua hii. Hakuna njia nyingine ya kujua kama umenunua kitu au umenunua rangi nyeusi.

Laza bapa mbili za sentimita 15 kwa 15, kila moja tabaka nane za kitambaa kilekile. Moja kwa epoksi tupu, nyingine kwa epoksi nyeusi. Katikati, kati ya tabaka la nne na la tano, ingiza upande mmoja ukanda wa plastiki nyembamba wenye upana wa sentimita 4. Gandisha zote mbili pamoja, siku moja, kivuli kimoja. Kisha kata vipande vya upana wa milimita 25, vitano kwa kila bapa, kwa msumeno wa mkono na maji.

Ubavu wa kila kipande upake korekta ile nyeupe ya kufutia wino, ikauke, weka alama za kalamu kila milimita 5. Bana kipande kwenye jiliwa, ingiza kabari ya chuma ya unene wa milimita 3 pale penye plastiki, sukuma taratibu mpaka ufa uvuke mwisho wa plastiki na kuingia kwenye faiba yenyewe. Subiri dakika tano. Sasa soma urefu kutoka ncha ya kabari hadi ncha ya ufa, ambayo itaonekana wazi kwenye weupe wa korekta.

Ufa mfupi ndio mzuri. Na usidharau tofauti ndogo, kwa sababu ushupavu unahesabiwa kwa kugawanya kwa urefu wa ufa uliopandishwa kipeo cha nne. Ikiwa kwenye vipande vitupu wastani ni milimita 35 na kwenye vyeusi ni milimita 31.5, ufa umepungua kwa sehemu moja ya kumi tu, lakini nguvu inayohitajika kuyaachanisha matabaka imepanda kwa karibu nusu. Ndiyo sababu unapima vipande vitano vya kila aina na kuchukua wastani, na unahakikisha unene ni sawa, kwani kipande kinene kidogo kitakudanganya. Ufa ukiwa sawa pande zote mbili, au mrefu zaidi kwenye cheusi, mwambie mwenye boti ukweli na urekebishe kwa epoksi tupu. Itashika vizuri tu.

Mwisho vunja kipande kabisa uangalie uso wa ndani kwa miwani ya kukuzia. Uso uliofifia na wenye mikwaruzo ni dalili njema. Nyuzi za kioo zilizobaki tupu, zinang'aa, zinasema rezini haikushika.

Kuchimba na kukausha

Gonga eneo lote, chora mpaka wa sauti bubu kwa chaki, kisha ongeza kiganja kimoja kila upande. Osha kwa maji baridi ya kisima yasiyo na chumvi. Faiba ya zamani hapa bado haina nanotyubu, kwa hiyo grainda inaruhusiwa, lakini barakoa ni ileile. Ondoa matabaka yaliyoachana mpaka ufike penye uzima. Ikiwa umechimba milimita 3, kingo zake zitelemke taratibu kwa milimita 36 kuzunguka pande zote, yaani mara 12 ya kina. Mafundi wengi huacha ukingo mfupi ili kuokoa kitambaa, na hapo ndipo kiraka hubanduka. Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa lililoshushwa majini hapa Lamu mwaka 2018, liliundwa kwa ufundi uleule wa majahazi ya mbao. Kifaa kipya hakikumwondolea fundi wajibu wa kuchonga maungio vizuri, na hapa pia hakimwondolei.

Kujua kama pamekauka, bandika karatasi ya nailoni juu ya sehemu iliyochimbwa, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, acha usiku mzima. Ukikuta mvuke ndani asubuhi, subiri. Epoksi inashika vizuri juu ya poliesta ya zamani iliyopigwa msasa. Kinyume chake hakifai: poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo usije baadaye ukamalizia na jelikoti ya poliesta.

Kulaza kwa rezini isiyoonyesha kitu

Fundi wa faiba anafanya kazi kwa macho. Kitambaa cheupe kikilowa kinakuwa kama kimeyeyuka, na penye hewa panabaki peupe. Rezini yenye nanotyubu ni nyeusi tititi na inakuondolea alama hiyo. Utasukuma rola ukidhani pamelowa, kumbe chini ni pakavu. Hili linawasumbua hata mafundi wazuri.

Dawa yake ni mizani. Kwa kulaza kwa mkono, rezini iwe na uzito sawa na kitambaa. Kiraka cha nusu mita kwa nusu mita ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo tabaka moja la kitambaa hiki lina gramu 150, nalo lipewe gramu 150 za rezini, si zaidi, si pungufu sana. Tandika nailoni kwenye meza, mimina nusu ya rezini, laza kitambaa juu, mimina nusu iliyobaki, sambaza kwa kipande cha plastiki, geuza uangalie mgongo wake. Nyuzi kavu utaziona kwa upande wa chini, ambako rezini ilipaswa kupita. Kikishalowa ndipo ukipeleke kwenye boti na kukibana kwa rola kutoka katikati kwenda nje.

Tabaka la kwanza kabisa, linalogusa faiba ya zamani, na la mwisho la nje, yalaze kwa epoksi tupu. La kwanza utaliona likilowa kama ulivyozoea. La nje ndilo utakalolipiga msasa baadaye, na afadhali vumbi lake lisiwe na nanotyubu. Kuna sababu nyingine: epoksi nyeusi huweza kupitisha umeme, na kaboni ikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa. Ukifanya kazi kwenye tezi, hakikisha kuna tabaka la faiba ya kioo na epoksi tupu kati ya tabaka jeusi na bano la mashine.

Kazi hii ya mkono, kwa bahati, inaifaa nanotyubu kuliko ile ya kisasa ya kufyonza rezini kwa vakyumu. Rezini ikivutwa kupita kwenye vitambaa vingi, vitambaa vinazichuja nanotyubu zikabaki zote mlangoni.

Anza baada ya alasiri, joto likishuka, chini ya kivuli, ili hewa iliyo ndani ya faiba ya zamani isitoke na kusukuma mapovu. Funika kwa kitambaa cha nailoni cha kubandua kabla ya magharibi. Umande wa usiku huleta utando wa mafuta juu ya epoksi, na kitambaa hicho kikibanduliwa huondoka na sehemu kubwa yake. Panapobaki utelezi, osha kwa maji na brashi kabla ya msasa, maana msasa peke yake unausugua ndani.

Kugandisha, rangi, kushusha

Saa 24 za kwanza iache kivulini. Baada ya hapo tandaza nailoni nyeusi juu ya kiraka, jua lipige, fuatilia kwa kipimajoto. Saa kadhaa za nyuzi 50 hadi 60 huimarisha epoksi iliyogandia kwenye joto la kawaida, ikiwa mkebe unaruhusu. Paka praima ya epoksi, kisha rangi ya mikebe miwili (rangi na kigandishi chake), nyeupe au ya mwanga. Epoksi isiyopakwa huliwa na jua, na kiraka cheusi kwenye jua la Februari kinaweza kupata joto la kuilegeza. Zisipungue siku saba tangu kulaza hadi kugusa maji.

Mwezi wa kwanza ukiisha, boti ikipwewa, rudi na bisibisi yako. Gonga katikati ya kiraka, kisha fuata ukingo wote. Sauti bubu katikati maana yake kuna tabaka lililobaki kavu au hewa iliyofungiwa. Sauti bubu ukingoni inatoka kwenye mtelemko mfupi au faiba ya zamani iliyokuwa na unyevu. Chora kwa chaki, andika tarehe kando yake, na upige tena bamvua inayofuata: ikiwa mpaka umesogea, boti isibebe abiria hadi kiraka kifunguliwe.